Wili silinda ya nyuma: kazi ya Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi

Kwetu Mkoani breki mbovu haifichiki, kwa sababu ya ule mteremko wa kushukia bandarini. Unguja mtu anaweza kuzunguka wiki nzima na breki inayokufa asijue, maana njia nyingi zimelala. Pemba ni vilima na mabonde. Mimi yangu ilinambia nikiwa Mtambile, natoka Chake, nyuma nimepakia magunia mawili ya karafuu za mama. Nikakanyaga pedeli, ikashuka, ikashuka tena, ndipo gari ikashika. Nikapampu mara mbili, ikapanda juu kama haijafanya kosa. Nikatia gia ya pili nikaenda hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Mimi si fundi, nafundisha skuli. Lakini marehemu baba alikuwa dereva wa gari ya mbao, na wakati ule dereva asiyejua kufungua tairi na kuona kilichomo alikuwa hapewi gari. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa. Kaka zangu walikuwa wakikimbilia mpira.

Pedeli ikizama kisha ikapanda ukiipampu, ama shuu (vile vipande viwili vya nusu mwezi vinavyobana) ziko mbali na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, ama mna upepo ndani ya mafuta. Na upepo hauingii bila ya pahala, huingia pale yanapotokea mafuta. Basi nilifungua boneti kwanza nikatazama kichupa cha mafuta ya breki: kimeshuka chini ya mstari wa MIN. Kichupa hushuka kidogo kidogo pia kwa sababu pedi za mbele zinakwisha nyama, lakini hilo ni jambo la miezi. Changu nilikijaza wiki mbili nyuma.

Nikainama nikapita tairi zote nne kwa upande wa ndani. Ya nyuma kushoto ilikuwa na michirizi myeusi iliyolowana, inashuka kutoka kwenye sahani ya breki, lile bamba lisilozunguka nyuma ya dramu, mpaka kwenye mpira. Ukiona hivyo usikimbilie kusema ni breki, kwani kwenye baadhi ya gari hata sili ya ekseli ikivuja oili ya gia inatokea hapo hapo. Baba alinifundisha njia ya kujua. Chovya kidole, kisha kitie kwenye maji matupu, bila sabuni. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji, kidole kinatoka safi. Oili na grisi hazitoki, zinabaki zinang'ara juu ya ngozi. Changu kilitoka safi.

Wili silinda yenyewe ni kitu kidogo, ukikifumba mkononi hakionekani vizuri. Ni kijipaipu cha chuma kilicholala juu ya shuu mbili, ndani yake mna pistoni mbili zilizopeana migongo, kila moja na raba yake, na springi katikati. Ukikanyaga, mafuta yanaingia katikati, pistoni zinasukumana nje, shuu zinabana dramu. Raba ikichanika au ukuta wa ndani ukiliwa na kutu, mafuta yanapita. Na kutu huko ndani haitoki baharini, ingawa sisi kila kitu tunakilaumu kwa chumvi. Inatoka kwenye mafuta yenyewe, kwa kuwa mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani. Ile aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi joto 205, ikishalewa maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ndiyo maana yanatakiwa kubadilishwa kila miaka miwili hivi, jambo ambalo sijaona mtu mtaani kwetu akilifanya, na mimi nimo.

Sasa, raba tu au silinda nzima? Zama za baba ilikuwa raba tu, silinda utaipata wapi. Unapiga msasa laini ndani, unatia raba mpya, unaomba dua. Mimi siku hizi nanunua nzima. Ukuta ukiwa na vishimo vya kutu, hata vidogo kama vya sindano, raba mpya unaipa wiki chache tu. Na raba zina mambo yake: mara ya kwanza kufanya kazi hii peke yangu nilizisafisha kwa petroli, nikaona zimetakata vizuri. Zikavimba, shuu zikashika na hazikurudi, dramu ikawaka moto mpaka ukitema mate yanachemka. Raba za breki haziguswi na petroli, dizeli, mafuta ya taa wala oili ya injini. Zioshwe kwa mafuta ya breki mapya, basi.

Dukani usitaje jina la gari peke yake. Silinda ina namba iliyochapwa kwenye chuma, inayosema upana wa tundu. Ya Corolla 110 yangu ni 11/16, yaani inchi. Muuzaji wa kwanza alinipa ya 3/4, akaniambia, "Dada, inaingia tu, watu wote wanafunga hii." Kuingia inaweza ikaingia. Lakini tundu la 3/4 lina eneo kubwa kwa karibu asilimia 19, kwa hiyo breki za nyuma zinasukumwa kwa nguvu zaidi ya zilivyopangiwa, na siku ya mvua tairi za nyuma zinafunga kabla ya za mbele, gari inageuka ikatazama ilikotoka. Nikashukuru, nikaagiza Unguja, ikaja na meli. Nikaagiza mbili, maana ya kulia ina umri ule ule. Na seti ya shuu nne, kwa sababu shuu iliyokunywa mafuta ya breki haiponi. Wapo wanaoichoma moto na wapo wanaoisugua kwa mchanga. Ikipata joto mafuta yanatoka tena juu, na breki inavuta upande mmoja.

Kazi yenyewe inaanza Ijumaa jioni, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kazi ngumu ya wili silinda ni ile nati ndogo ya paipu ya chuma, nyuma ya sahani, iliyokaa miaka ikirushiwa maji ya mvua na mchanga wa pwani. Silinda mpya inafungwa kwa dakika tano. Nati ile ikikukatalia, umepoteza wiki. Basi Ijumaa baada ya alasiri nikaingia chini na brashi ya waya, nikaisugua nati ya paipu, nipo ya kutolea upepo na vichwa vya bolti mbili za silinda mpaka nikaona rangi ya chuma. Nikapuliza WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu. Baada ya Isha nikapuliza tena. Asubuhi kabla ya chai, mara ya tatu. Sikugusa spana mpaka hapo.

Vifaa nilivyoviweka juu ya jamvi: jeki, stendi mbili, spana ya tairi ya 21, spana ya 8 ya nipo, ya 10 ya bolti, na ile spana ya paipu ya 10 inayoikumbatia nati karibu nzima na kuacha mwanya wa kupitisha paipu tu. Hiyo ya mwisho usiseme utaazima kesho. Spana ya mdomo wa kawaida inashika kona mbili tu, na kona mbili za nati yenye kutu hazihimili. Pia bisibisi pana, plaizi, nyundo, mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, kopo, chupa mpya ya DOT 3 ambayo haijafunguliwa, ndoo ya maji ya sabuni, barakoa, na kanga kuukuu ya kupigia magoti.

Gari iwe juu ya saruji au ardhi ngumu. Mimi nina ua wa udongo, natandika vipande vya mbao chini ya jeki na stendi. Matofali ya saruji hapana, yanapasuka bila kukuaga. Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini, weka magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele, tia gia, kisha shusha handibreki, maana ikiwa juu dramu haitoki. Tairi uliyoitoa ilaze chini ya ubavu wa gari. Stendi ikiponyoka, gari ikae juu ya tairi, isikae juu yako.

Dramu yangu iligoma kutoka. Usiipige nyundo kama unayepasua nazi. Tazama uso wake, ina matundu mawili madogo yenye uzi. Tia bolti mbili za milimita 8, kaza hii nusu mzunguko, kaza ile nusu, na kati yake gonga kidogo pembezoni. Ilitoa mlio mmoja mkavu ikaja. Kama bado imeshikwa, shuu zimeng'ang'ania ukingo wa ndani, rudisha ajasta (kile kijiskrubu kinachosogeza shuu karibu na dramu) nyuma kwa bisibisi kupitia kitundu cha kwenye sahani.

Vumbi lililomo usilipulize, si kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na hata zisizokuwa nayo si kitu cha kuvuta. Vaa barakoa, mwagia maji ya sabuni, acha litiririke. Hapo ndipo nilipoinua ukingo wa kofia ya raba ya silinda kwa ncha ya bisibisi, na mafuta meusi yakamwagika kama chai ya kuchemshwa mara tatu. Unyevu kidogo chini ya kofia si hoja. Yakitiririka, silinda imekufa.

Piga picha kwa simu, ya mbele na za pembeni. Kisha fungua upande mmoja tu, ule mwingine uache umefungwa, ndio ramani yako. Springi za juu natoa kwa plaizi na jicho moja nimelifumba. Moja iliwahi kuniruka ikaingia banda la kuku na hatukuiona mpaka tulipohamisha banda. Vishikizo vya shuu unavikandamiza, unavizungusha robo, vinatoka. Waya wa handibreki uchomoe kwenye mkono wake. Ajasta iweke pembeni kwa upande wake, usichanganye ya kushoto na ya kulia, kwa kuwa nyuzi zake zinakwenda kinyume, na ukikosea inajilegeza badala ya kujikaza.

Sasa nati. Ifungue kabla ya bolti za silinda, wakati silinda bado imeshikwa imara. Nilivalisha spana ya paipu, nikagonga mkono wa spana kwa kiganja, si kwa nyundo. Haikusikia. Nikagonga tena. Ya tatu ikatoa kijimlio na kusogea kama unene wa ukucha. Hapo usishangilie ukaizungusha. Tazama paipu. Inazunguka nayo? Kama nati na paipu vimeshikana kwa kutu, ukiendelea unaisokota. Mwaka ule wa petroli niliisokota ya kulia kama anayesokota kamba ya usumba, ikapasuka mkononi, nikalazimika kuipeleka gereji wakanitengenezee nyingine ya kipimo kile kile. Na paipu ya breki ni ya chuma au ya aloi yake maalumu, shaba laini ya mafriji inapasuka kwa mtikisiko. Safari hii nilirudisha nati nyuma kidogo, nikapuliza WD-40, nikalegeza, nikarudisha, nikalegeza. Robo saa nzima, na jasho. Paipu ikabaki imetulia, nati ikazunguka peke yake. Nafikiri nilisema alhamdulillahi kwa sauti, maana mwenzangu alitoka ndani kuuliza kuna nini.

Nikamtia kazini hapo hapo. Toa waya wa negativu wa betri, kisha mtu aikandamize pedeli polepole kiasi cha vidole vitatu, paipu ikitema kwenye kopo, na aizuie hapo kwa mpini wa jembe uliobanwa na kiti. Pedeli ikikaa hivyo, masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedeli, inaziba njia ya kichupa, mafuta yanaacha kutiririka. Betri inatolewa kwa sababu taa za breki zitawaka muda wote huo. Na mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji upesi usifute. Bawa langu la mbele lina doa la ukubwa wa sarafu lililobabuka mpaka kwenye chuma, kwa kuchelewa dakika chache.

Bolti mbili, silinda ya zamani ikatoka. Hii mpya, toa kizibo chake, iweke mahali pake, na kabla ya kutia bolti hata moja ianze nati ya paipu kwa vidole. Izunguke mizunguko mitatu minne laini, bila spana. Ukifunga bolti kwanza, nati inaingia pogo na kuharibu uzi wa silinda uliyoisubiri wiki nzima. Vidole kwanza, bolti pili, spana ya paipu mwisho. Bolti zenyewe ni ndogo, hazitaki ubavu. Nashika spana karibu na kichwa chake nikaze kwa kifundo cha mkono.

Sahani isugue pale shuu zinapokaa, pake grisi ya joto kali kama ya kupaka kwenye ukucha, isizidi. Dramu imeandikwa kipimo chake cha mwisho. Yangu inasema MAX 201 mm, ikizidi hapo inatupwa. Ioshe kwa sabuni, ikauke, piga msasa uso wa ndani. Shuu mpya zishike kwa mikono misafi. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha, kisha ajasta: fungua mpaka dramu iingie na ukiizungusha usikie mkwaruzo mwepesi kama wa ufagio. Ikigoma kuzunguka umezidisha. Ikizunguka kimya, pedeli itakuwa ndefu hata ukitoa upepo siku nzima.

Upande wa pili ukaenda kwa nusu ya muda. Ndivyo unavyokuwa siku zote, mikono imeshajua.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wasiogombana. Dramu zote ziwe zimefungwa, mpini wa jembe umetolewa, kichupa kimejaa. Gari zetu usukani uko kulia na masta silinda iko upande huo, kwa hiyo tairi ya mbali kuliko zote ni nyuma kushoto, anza nayo. Mpira kwenye nipo, ncha ya pili imezama kwenye mafuta mapya ndani ya kopo.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia, usiachie mpaka niseme."

Nafungua nipo robo mzunguko, mapovu yanatoka yakicheza ndani ya mpira, pedeli inashuka, nafunga. "Achia." Akiachia kabla sijafunga, upepo unarudi wote ndani, na mwenzangu aliachia mara mbili kwa sababu simu yake iliita. Nikaichukua simu. Kila mikanyago mitano natazama kichupa, kikikauka tunaanza upya tena tukiwa pabaya zaidi. Yalipotoka mafuta meupe bila hata povu moja, tukahamia nyuma kulia. Yaliyotoka hayarudishwi kwenye kichupa, hata yakiwa safi kwa macho.

Kujaribu hakuanzii barabarani. Injini imezimwa, pampu pedeli mpaka iwe ngumu, iwe juu. Washa injini, itashuka kidogo kwa sababu ya busta, kile kifaa kinachousaidia mguu, hiyo ni kawaida. Kandamiza kwa nguvu uhesabu mpaka 60. Ikizama polepole, mafuta yanapita mahali, rudi chini ukatazame nati. Handibreki yangu sasa inashika kwenye mlio wa sita. Kabla ilikuwa ikipanda mpaka kifuani. Nati za tairi kaza kwa msalaba gari ikishashuka, na uzirudie baada ya kilomita chache.

Tukaenda kwanza ndani ya mtaa, mwendo wa mguu. Kisha barabara kuu, kwenye sehemu iliyolala, nikakanyaga kwa nguvu: gari ikasimama wima, usukani haukuvuta. Mteremko wa bandarini niliuacha mpaka Jumapili. Nilichora mstari wa kalamu kwenye kichupa usiku, na asubuhi nikatoka na tochi kabla hakujapambazuka vizuri. Mafuta yapo kwenye mstari. Nikapitisha kidole nyuma ya tairi ya kushoto, kikatoka na vumbi kavu. Mwenzangu, mlangoni na kikombe cha chai, akauliza kama sasa anaweza kurudishiwa simu.